Mshika Mkono wa Mwinyimvua

Katika kazi zote nilizofanya, neno ambalo natamani nisingelitamka nililitamka mbele ya ghala la tajiri wetu pale Bagamoyo, asubuhi, watu wakisikia. Mnyapara mkuu aliniuliza kama mtu wangu ataweza kupigana na Mnyamwezi kwa mara ya pili. Nilijua hawezi. Nikasema anaweza. Desturi ilinipa haki ya kukataa, na hakuna ambaye angenipiga wala kunifukuza kwa kukataa. Nalitanguliza jambo hili ili msomaji asidhani kwamba nimeshika kalamu nijisifu.

Ninyi vijana mmekuta gari moshi na malori, kwa hiyo inanibidi nieleze kwanza msafara ulivyokuwa ukifungwa na kuondoka. Bila kuijua kazi ile, zile ngumi zitaonekana upuuzi wa wahuni.

Niliajiriwa nikiwa nimetoka kuhitimu Kurani chuoni kwetu Kaole, ndevu hazijajaa. Siku ya kwanza nilipelekwa ghalani kufunga mitumba. Mtumba ni robota la nguo, nyingi zikiwa merikani isiyotiwa rangi na kaniki nyeusi, zilizokunjwa kwa urefu, zikaviringishwa kwa jamvi na kukazwa kwa kamba ya kumbi. Watu wawili huvuta kamba, mmoja kila upande, na wa tatu hupiga robota kwa rungu la mti mpaka liwe gumu kama gogo. Lisipopigwa vizuri hulegea njiani, na mtumba uliolegea humla mpagazi bega. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani ratili sabini. Walikuwapo watu wachache waliobeba frasila tatu, nao tuliwaita watu wa mzigo na nusu.

Msimamizi wa ghala alikuwa Mhindi wa Kachi, mfupi, mwenye sauti nyembamba. Alikuja akaubonyeza mtumba wangu wa kwanza kwa kidole gumba.

"Wewe Shomari, huu ni mtumba au mto wa kulalia?"

"Ni mtumba, bwana."

"Haya, lala tuone."

Wenzangu walicheka mpaka rungu likawaponyoka. Niliufungua nikaufunga tena, na tena, hadi jua likaegemea. Baada ya misimu miwili mitumba yangu ndiyo wapagazi waliyoigombania asubuhi ya kuondoka.

Kutoka ghalani nilihamishiwa msafarani, chini ya kirangozi. Huyu ndiye atanguliaye mbele, na hakuna ruhusa mtu yeyote kumpita, hata tajiri mwenyewe. Kirangozi wetu alikuwa Mzigua wa upande wa Miono, mtu mkavu, asiyependa maneno. Aliziona kamba zangu akasema, "Anayejua kufunga mtumba atajua kufunga mkono." Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya mshika mkono, na sasa nieleze ni kazi gani.

Njia ya bara ilianzia kivuko cha mto Kingani. Mbele ya hapo kulikuwa na visima vichache na vijiji vyenye akiba ndogo ya chakula. Msafara mmoja mkubwa ukipita, visima hukauka na mtama hupanda bei, na msafara unaoufuata kwa karibu hukuta tope na milango iliyofungwa. Kwa sababu hiyo, misafara miwili ikiwa tayari siku moja, kila mmoja ulitaka kutangulia. Zamani walikuwa wakipigana kambi kwa kambi, kwa magongo na bunduki, mpaka wakubwa wa mji wakachoka. Wanyapara wakakubaliana kwamba kila msafara utoe mtu mmoja wa mzigo na nusu, wapigane ngumi, na atakayeshinda watu wake wakamate njia. Walioshindwa husubiri siku tatu ndipo wafuate.

Uwanja ulikuwa nje ya mji, kwenye kambi ya wapagazi. Tulipanga mitumba ikafanya mraba, nao ulikuwa ndio ukuta. Duru ilipimwa kwa kifuu cha nazi kilichotobolewa tundu dogo chini. Kikiwekwa juu ya maji ndani ya ndoo hujaa polepole, na kikizama, duru imekwisha. Watu hupumzika hadi kifuu kitakapotolewa, kufutwa na kuwekwa tena. Mwamuzi alikuwa kinyozi wa mjini, kwa kuwa hakuwa na mali katika msafara wowote na pia alijua kuzuia damu. Aliyeanguka alipewa muda wa kinyozi kuuzunguka mraba mara moja. Akimaliza mzunguko na mtu bado yuko chini, mambo yamekwisha. Kinyozi huyo alikuwa na mguu mmoja mfupi, na wapagazi walisema ule mguu umewaokoa wengi kuliko dawa zake.

Mshika mkono ndiye aliyemtunza mpiganaji. Nilimkanda kwa mafuta ya nazi, nikamkata kucha, nikamfunga mikono kwa vitambaa vya kaniki kuanzia kiungo cha mkono hadi vidoleni. Ukikaza mno mkono hufa ganzi, ukilegeza kidole huvunjika. Lakini kazi kubwa haikuwa hiyo. Asubuhi ya pambano mpiganaji hujazwa maji kinywani, na haruhusiwi kuyatema wala kuyameza mpaka aingie uwanjani. Wazee waliona kwamba siku hiyo mpiganaji hana akili ya kuaminiwa: mwoga atajisingizia ugonjwa na shujaa ataficha ugonjwa. Kwa hiyo mnyapara mkuu humuuliza mshika mkono mbele ya watu wote, "Anaweza?" Jibu la mshika mkono halipingwi na mtu. Akisema hawezi, huwekwa mwingine, na aliyeachwa haoni aibu, kwa sababu si yeye aliyesema.

Mtu wangu aliitwa Mwinyimvua, nasi tukimwita Mvua. Alikuwa mrefu, mzito, na mwepesi wa miguu kuliko ilivyotarajiwa kwa mwili ule. Tulicheza pamoja utotoni Kaole, kisha akamwoa Mwanahawa, dada yangu. Mama yetu alizaa sisi wawili tu. Kwa hiyo Mvua alikuwa shemeji yangu na mtu wangu wa kazi, na mchanganyiko huo nilikuwa nikiuona ni neema.

Mnyamwezi aliyepambana naye aliitwa Kasanda. Alishuka na watu wake kila mwaka kutoka bara, begani ana jino la ndovu ambalo wengine wangelibeba wawili. Hakuwa mwepesi. Alisimama kama nguzo ya mlango akingoja, halafu mkono wake wa kulia uliinuka kutoka juu ya bega na kushuka, kama mtu anayetua mzigo.

Pambano lao la kwanza lilijaza kambi. Wanyamwezi ni watani wa watu wa pwani, kwa hiyo matusi yalianza kabla ya ngumi, na hakuna aliyekasirika.

"Enyi wala papa!" walipiga kelele wao. "Tumesema leteni mtu, ninyi mmeleta gunia la chumvi!"

"Kasanda!" wakajibu wetu. "Umetembea miezi mitatu kuja kupigwa huku. Kwenu wapigaji hawapo?"

Kasanda alicheka pamoja na wengine. Mvua, mashavu yamejaa maji, alikuwa akijizuia asicheke asije akayatema.

Duru za mwanzo zilikuwa za Mvua. Aliingia, akapiga, akatoka, na Kasanda akabaki akipiga hewa. Nilipokuwa nikimfuta jasho aliniambia, "Huyu ni mlango tu, Shomari. Mlango ukiusukuma unafunguka." Alipousukuma tena, ule mkono wa kulia ukashuka ukamkuta juu ya sikio la kushoto. Alianguka kifudifudi. Alisimama wakati kinyozi amebakiza upande mmoja wa mraba, akacheza duru nyingine mbili ambazo baadaye hakuzikumbuka, kisha akaanguka na kinyozi akamaliza mzunguko.

Kasanda alikuja na kibuyu cha maji. "Kunywa, mtani. Umenichosha."

Mvua akanywa. "Mwakani," akamwambia.

"Mwakani nitakuwa mzee."

"Ndiyo maana nasema mwakani."

Tulisubiri siku tatu tukawafuata. Mwaka ule mvua za bara zilikuwa haba. Visima vya Ukwere tulivikuta tope, na mtama tuliununua kwa nguo nyingi. Wapagazi kadhaa walitoroka, na mmoja alikufa kwa tumbo baada ya kunywa maji ya dimbwi. Tuliporudi pwani tajiri alimkemea mnyapara mkuu mbele yetu, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Katika safari hiyo nilikuwa nikiona mambo kwa Mvua. Mtumba wake uligonga miti ya upande wa kushoto. Jioni aliniuliza kwa nini tumekoka moto miwili, na moto ulikuwa mmoja. Nikaanza kutembea kushoto kwake, nikimwambia, "Tawi," "Jiwe," "Shimo." Hatukulizungumza zaidi ya hapo. Mimi niliona ni uchovu utakaopita, na yeye alitaka nione hivyo.

Msimu uliofuata misafara miwili ikawa tayari tena kwa pamoja, wetu na wa Wanyamwezi waliokuwa wanarudi kwao. Habari zilizotoka bara zilikuwa mbaya kuliko za mwaka uliotangulia, kwani nzige walikuwa wamepita. Kila mtu alijua kwamba safari hii atakayetangulia atakula na atakayefuata atafunga mkanda. Mjini kote watu walitaja marudiano ya Mvua na Kasanda, hata kabla wanyapara hawajakutana.

Siku mbili kabla, Mwanahawa aliniita kwake. Nilimkuta uani anapeta mchele. Alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho.

"Kaka, keti. Nikuulize. Ninyi huko njiani mlimwona Mvua yukoje?"

"Yukoje kwa vipi?"

"Usiniulize ninavyokuuliza. Nikimpa kikombe anashika hewa. Asubuhi anatapika kabla ya mimi mwenye mimba. Juzi amempita mama yetu hapo mlangoni, hakumwamkia, na mama kakasirika. Hakumwona, kaka. Alikuwa upande huu." Akagusa shavu lake la kushoto.

Nikaokota punje za mchele zilizoanguka kando ya ungo wake.

"Ni wewe utakayeulizwa," akasema. "Si yeye. Yeye hatasema hata ukimkata. Wakikuuliza, sema hawezi."

"Nitasema."

"Sema 'wallahi'."

"Mwanahawa, mimi ni kaka yako."

"Basi," akasema, akarudi kupeta. Hakunilazimisha kuapa, na nilitoka pale nikiwa na nia ya kutimiza.

Kesho yake mnyapara mkuu alinikuta ghalani. Alikuwa mzee wa Kishomvi, mtu wa heshima, aliyeanza kwa kubeba mzigo kama wengine. Aliketi juu ya mtumba.

"Shomari, mimi magoti yamekwisha. Safari hii siendi. Nimemwambia tajiri awape watu mnyapara kijana, nami nimetaja jina lako."

Nikamshukuru.

"Ngoja kwanza. Tukitangulia, msafara utakwenda mkubwa, nawe utaushika. Tukiwa wa pili tajiri ataupunguza nusu, na nusu ya msafara kirangozi anatosha kuushika, hakuna haja ya mnyapara mpya. Sikwambii haya kukushawishi. Nakueleza mambo yalivyo." Akainuka kwa taabu. "Mvua mzima?"

"Kesho utaniuliza mbele ya watu, bwana," nikasema.

Akanitazama kidogo. "Vizuri. Ndiyo desturi."

Alikuwapo mtu wa pili wa mzigo na nusu, kijana wa Winde, mwenye nguvu lakini mzito wa mikono. Tungeweza kumweka yeye. Huenda angeshindwa, nasi tungesubiri siku zetu tatu. Nililijua hilo usiku kucha na nililijua asubuhi.

Asubuhi Mvua alisimama mbele ya ghala, mashavu yamejaa maji, mikono yake nimekwisha kuifunga. Mnyapara mkuu akauliza. Mvua alinigeuzia uso wote, maana kwa jicho moja la kulia ilimbidi ageuke ili anione. Nilimtazama, nikawatazama watu waliokuwa wamesimama na mizigo yao, nikaona pale mbele nafasi ya mnyapara ikiwa tupu. Nikajibu nilivyojibu. Watu walipiga kelele za furaha, na Mvua akatabasamu kwa namna ya mtu mwenye maji kinywani.

Tukaelekea uwanjani. Utani ulikuwa mkali kuliko wa mwaka uliopita kwa sababu ya hofu ya njaa.

"Mvua imenyesha wapi mwaka huu?" walipiga kelele Wanyamwezi. "Haijanyesha popote! Hata leo hainyeshi!"

"Kasanda, jino la ndovu liko wapi?" wakauliza wetu. "Umeliacha, au umelitia kinywani kwa kuwa yako yameng'oka?"

Duru ya kwanza mkono wa kulia wa Kasanda ulishuka mara mbili, na mara zote mbili ulimfika Mvua pale pale juu ya sikio. Hakuanguka. Lakini hakukwepa, wala hakufumba jicho kama mtu anayeona pigo linakuja. Kelele za watu wetu zilipungua kidogo. Kasanda akarudi hatua moja, akauinua mkono wake wa kulia polepole, akauacha umening'inia hewani kando ya uso wa Mvua, karibu kabisa. Mvua akaendelea kutafuta mbele. Kifuu kikazama.

Wakati wa mapumziko Kasanda aliuvuka uwanja, jambo lisilofanywa, akasimama upande wa pili wa mitumba yetu.

"Shomari. Jicho la mtu wako halimo."

"Limo."

"Nimemwonyesha mkono hakuuona. Mtoe, mtani. Mtieni mwingine, nami nitampiga huyo mwingine kwa heshima."

Watu walikuwa wakisikiliza. Nikasema kwa sauti, "Mtani, rudi kwenu. Umekuja kupigana ngumi au kupiga ramli?"

Wakacheka sana. Nakumbuka jinsi nilivyofarijika walipocheka. Kasanda hakucheka. Aliangalia mikono yangu iliyokuwa ikikanda bega la Mvua, kisha akaniangalia usoni, akarudi kwake.

Tangu hapo alipigana kwa mkono wa kushoto peke yake. Mkono wa kulia aliuacha ukining'inia kama wa mtu aliyevunjika. Watu wake walimtukana kwa Kinyamwezi, mnyapara wao akapanda juu ya mtumba akimpungia fimbo, naye hakusikiliza. Mvua alimpiga tumboni, kifuani na kidevuni, duru baada ya duru. Mwishowe Kasanda alipiga goti, akakaa chini kabisa, miguu ameikunja, na kinyozi akaanza mzunguko. Alikuwa na nguvu za kusimama. Mtu yeyote aliyejua ngumi aliiona hali hiyo. Aliketi hivyo hivyo hadi kinyozi akamaliza.

Katika maisha yangu nimewaona wapiganaji wengi, na tangu siku ile kila aliponiuliza mtu ni yupi aliyekuwa bora, nimemtaja aliyeshindwa.

Wanawake hawakuwa wakija uwanjani. Mwanahawa alisikia vigelegele mjini na jina la mumewe ndani yake, akajua nimejibu nini. Alfajiri ya kuondoka nilimpitia Mvua. Mwanahawa alikuwa anamfunga mumewe shuka kiunoni. Hakunigeukia. Alisema neno moja, "Mrudishe," nami sikujua kama ananiambia mimi au anamwambia Mungu.

Tuliondoka mimi nikiwa mnyapara. Tulivuka Kingani kwa mitumbwi, tukalala Kikoka, tukaendelea. Visima tulivikuta vimejaa na vijiji vikatuuzia mtama bila ubishi. Kuhusu kazi, kila kitu kilikwenda kama mnyapara mkuu alivyosema. Mvua alibeba mzigo wake hadi siku ya nne. Siku hiyo mkono wa kulia ulimlegea, mtumba ukaanguka, naye akaketi kando ya njia akitapika. Tulipomwinua akawa haoni kwa jicho lolote.

Sheria ya safari ilikuwa hivi: mpagazi asiyeweza kutembea huachwa katika kijiji cha karibu, na wenyeji hupewa nguo za kumtunzia. Uamuzi ni wa mnyapara. Kirangozi alinivuta pembeni.

"Tukilala hapa siku tatu Wanyamwezi watatufikia. Mbele kuna visima viwili tu mpaka kijiji kingine. Lakini wewe ndiye mkubwa. Ukisema tulale, tunalala."

Tulimpeleka Mvua kwa mama mmoja wa Kikwere aliyekuwa na nyumba safi mwanzoni mwa kijiji. Nilimwachia nguo mara mbili ya kawaida. Mvua alikuwa amelala ubavu juu ya jamvi.

"Shomari," akasema, "umesimama upande gani?"

Nilikuwa mbele yake, hatua moja kutoka usoni pake.

"Niko hapa, shemeji."

"Nenda. Watu wanakungoja."

Nikaenda. Ningeweza kusema kwamba niliwafikiria watu mia na zaidi waliokuwa chini yangu, na ni kweli niliwafikiria. Lakini kama nisingemleta njiani, nisingekuwa na la kuamua pale.

Wanyamwezi walifika kijiji kile baada ya siku tatu. Yaliyotokea niliyapata baadaye kwa watu waliokuwapo. Kasanda alisikia kwamba kuna mgonjwa wa pwani, akaenda kumtazama, akamtambua. Alikaa naye hadi Mvua alipokata roho jioni ile. Kwetu mtani ana kazi yake msibani, naye aliitimiza. Alichimba kaburi kwa mikono yake, akamtafuta Mwislamu katika msafara wao amswalie. Kisha akampa maneno mtu aliyekuwa anashuka pwani ampelekee mjane. Alituma salamu za rambirambi, na alituma pia mambo yote yaliyosemwa uwanjani wakati wa mapumziko, yake na yangu, kama yalivyosemwa.

Kwa hiyo niliporudi Bagamoyo, miezi mingi baadaye, Mwanahawa alikwisha kujua. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Kondo, naye alikuwa amempakata. Mama yetu alikuwa ameketi kando.

"Uliulizwa?" Mwanahawa akasema.

"Niliulizwa."

"Na yule Mnyamwezi alikwambia hamna jicho?"

"Aliniambia."

"Ukamwambia anapiga ramli."

Nikasema ndiyo.

"Mama," akasema bila kupandisha sauti, "mwambie mgeni wako uji umekwisha."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyonihusu mimi nikiwapo.

Niliendelea na unyapara kwa misimu mingi. Baadaye nchi ilibadilika, Wadachi, yaani Wajerumani, wakaingia, na misafara ikapungua mwaka hadi mwaka. Nikiwa mtu mzima nilijiunga na shule ya serikali nikasoma hadi darasa la juu lililokuwapo, nikapewa kazi forodhani ya kusimamia upakuaji. Mkuu wa forodha wa kwanza alikuwa mkali wa saa. Wa pili alikuwa mpole, na chini yake mizigo iliharibika zaidi. Walipokuja Waingereza niliwekwa ghala la serikali hadi nilipostaafu. Kote huko nilifahamika kwa jambo moja, kwamba nikiulizwa hali ya mzigo au ya mtu nasema ilivyo, hata ikiniudhi mimi au mkubwa wangu. Wengine walidhani ni tabia ya kuzaliwa.

Siku hizi vijana wanapigana ngumi Dar es Salaam wakiwa na glavu na kengele, na nimewahi kualikwa kukaa mbele kama mzee wa zamani. Nimewaona washika mkono wao wakimnong'oneza mpiganaji mwenye damu machoni kwamba bado kidogo tu. Ushauri wangu kwao ni mfupi. Mpiganaji wako atakuwa tayari kufa kabla ya kukubali kutolewa, na umati utakuwa upande wake. Wewe umewekwa pale kwa sababu ya dakika hiyo tu. Kufunga vitambaa hata mtoto anajifunza.

Mwanahawa hakuolewa tena. Alikaa mtaa wa pili kutoka kwangu, akauza vitumbua, akamlea Kondo hadi akawa fundi seremala. Tulikutana sokoni, kwenye harusi, kwenye matanga ya mama. Nilimwamkia, naye aliitikia akiwaelekea watu walio pembeni yangu. Nilituma vitu kwa mikono ya wengine, vikarudi kwa mikono hiyo hiyo. Kondo hakukatazwa kunijua. Aliniita mjomba, akaniamkia vizuri kila tulipoonana, lakini hakuingia kwangu.

Mwanahawa alifariki mwaka jana. Kwetu maiti ya mwanamke huteremshwa kaburini na maharimu wake, yaani wanaume ambao hawezi kuolewa nao. Mumewe alizikwa Ukwere, baba yetu alikufa zamani, kwa hiyo wa kushuka tulikuwa Kondo na mimi. Nilivua viatu, nikakunja kanzu. Kondo alikuwa amekwisha kushuka. Aliinua uso, akaniambia kwa adabu na kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, "Mjomba, wewe baki juu. Alisema mwenyewe." Akamwita mtoto wa mama yetu mdogo, ambaye Mwanahawa alimnyonyesha pamoja naye na kwa hiyo ni maharimu, ndiye akashuka.

Nilibaki juu nikashika ncha ya shuka linalotandazwa kulikinga kaburi na macho ya watu. Watu waliporudi mjini nilirudi nao. Nilipewa unyapara kwa lile neno, na unyapara ulidumu hadi misafara ilipokwisha. Gharama yake ilikuwa uhai wa shemeji yangu, na dada yangu pekee, ambaye aliishi hatua chache kutoka mlangoni pangu maisha yake yote na akazikwa bila mimi kumgusa.